Adui Hakutoka Nje

Kibanda umiza cha kwanza nilichoingia maishani kilikuwa cha mabati, pale Endagikot, Mbulu, na kiingilio chake kilikuwa shilingi 100. Sisi watoto tulikaa chini kwenye vumbi, wakubwa wakakaa kwenye mabenchi. Nje ulikuwa unashuka ule ukungu wetu wa jioni unaomeza mikaratusi mmoja mmoja. Ndani kulikuwa na jasho na harufu ya makoti yaliyolowa. Filamu ilikuwa ya Kihindi au ya Kichina, imetiwa sauti ya Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri wa kundi la kina Lufufu, wanaocheka, wanaotania, wanaomwonya mwigizaji asigeuke nyuma. Aliyechelewa kuingia aliuliza swali moja tu: steringi yupi? Akishaonyeshwa steringi, adui alimtambua mwenyewe. Adui ana kovu. Adui anavuta sigara. Adui hana mama.

Nimekua, nimeondoka Mbulu na kurudi mara nyingi, na bado naona filamu zetu tunazitengeneza na kuzitazama kwa swali lile lile la kwenye vumbi. Ndilo ninalotaka kugombana nalo hapa. Filamu zetu za uhalifu zinatudanganya kuhusu mahali anapotoka mhalifu, na zinatudanganya kwa sababu tunapenda kudanganywa. Jambazi wetu wa kwenye filamu anatoka nje. Anaruka ukuta na soksi usoni. Au ni mganga anayecheka peke yake porini, au mama wa kambo, au mwanamke wa mjini aliyemtoa mume wa watu akili. Familia yenyewe iko ndani, imekaa kwenye makochi, inalia. Mwishoni wanakuja polisi, adui anafungwa pingu, mama anasamehe, na tunaambiwa tusubiri sehemu ya pili.

Sasa, mwaka 2019, nikiwa chuoni Dodoma, tulikaa watu saba kwenye chumba kimoja cha hosteli tukatazama White Shadow kwenye kompyuta ya rafiki yetu. Ni filamu ya 2013. Mwongozaji wake, Noaz Deshe, si wa kwetu, na mmoja wa waliosimama nyuma yake kama watayarishaji ni Ryan Gosling wa Hollywood. Lakini lugha yake ni Kiswahili, nchi ni Tanzania, na anayecheza mjomba ni James Gayo, yule mchoraji wa Kingo tuliyemzoea kwa katuni. Mwaka huo huo ilipata tuzo Venice, ile ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Kwetu sijawahi kuiona bango lake hata kwenye mlango wa kibanda kimoja.

Kisa chake kinasimulika kwa pumzi moja. Alias ni kijana mwenye ualbino. Anashuhudia baba yake akiuawa. Mama yake anamtoa kijijini na kumpeleka mjini kwa mjomba, Kosmos, dereva wa lori mwenye vibiashara vinavyoyumba. Alias anajifunza mji haraka: anauza miwani ya jua, anauza DVD, anauza simu. Anampenda binti wa mjomba, Antoinette, na mjomba hataki. Na kadiri siku zinavyokwenda, mji unaanza kufanana na kule alikokimbia.

Mtazame huyo mama. Amefanya ambalo mama yeyote wa Endagikot angefanya. Mtoto akiwa hatarini hapelekwi kituoni wala ofisi ya kata, anapelekwa kwa mjomba. Kwa mjomba ndiko kwenye sahani yako hata usipotarajiwa. Na filamu inaweka hofu yake papo hapo, kwenye sahani hiyo. Haina haja ya kumfanya mjomba kuwa shetani. Inatosha kwamba ni mtu mwenye upendo, biashara hazisimami, na analala nyumba moja na mtoto ambaye watu wameshampigia hesabu. Kuhusu hesabu hiyo, Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu liliandika katika ripoti yake ya 2009 kwamba viungo vya mtu mmoja mwenye ualbino, vikiwa vimekamilika, vilisemekana kufikia dola 75,000 za Marekani. Chukua namba hiyo uiweke kwenye nyumba yenye mlango wa mbao, taa moja, na mwenye nyumba anayedaiwa kodi. Sasa huhitaji tena jambazi wa kuruka ukuta.

Filamu ilipoisha, mmoja wetu alisema neno ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku ile: "Mzungu ametuchafua." Wawili wakamuunga mkono. Mimi nilijibu kitu kinyonge kuhusu sanaa. Leo najibu vizuri zaidi, nikianza na kile ninachokubali. Ni kweli kamera ya Deshe inarukaruka mpaka inachosha, na kuna mahali inaonja umati wenye hasira kwa namna iliyonifanya nijisikie natazamwa, sitazami. Mgeni ni mgeni. Lakini ninaowasikia wakilalamika kwamba tumechafuliwa sijawahi kuwasikia wakimalizia kwa kusema, basi tuitengeneze ya kwetu. Wanachotaka ni kwamba isitengenezwe kabisa. Wanamtetea mjomba.

Na mjomba tumemtetea kwa muda mrefu, hata nje ya filamu. Kumbuka Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipobubujikwa machozi bungeni akizungumzia mauaji haya. Kumbuka 2015, serikali ilipopiga marufuku waganga wapiga ramli na watu wakakamatwa. Sibezi lolote kati ya hayo. Mganga ana hatia yake, na mteja wake tajiri, ambaye mpaka leo haonekani kizimbani, ana kubwa zaidi. Ila mganga hajui mtoto analala chumba gani. Hajui mbwa amefungwa au amefunguliwa, baba karudi saa ngapi, mlango wa uani una komeo au una kamba. Hayo lazima aambiwe, na anayeyajua ni mtu anayekula hapo.

Mwaka 2010, Mwanza, raia mmoja wa Kenya alihukumiwa kifungo cha miaka 17 kwa kujaribu kumuuza kijana mwenye ualbino. Hakuwa amemteka njiani. Alikuwa rafiki yake, na alikuwa amemwahidi kazi. Mwaka 2024 huko Muleba, Kagera, mtoto wa kike mwenye ualbino, wa umri wa miaka miwili, alichukuliwa nyumbani usiku wa Mei 30. Mwili wake ulipatikana mwezi uliofuata ukiwa umekatwa viungo. Watu tisa walifikishwa mahakamani. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwemo padri, na alikuwemo baba yake mzazi. Kuhukumu si kazi yangu. Nataka tu ukumbuke ulivyoipokea habari ile siku ulipoisoma kwenye simu. Padri tulimjadili wiki nzima, kwa sababu padri ni habari. Juu ya baba tulinyamaza haraka. Hatukuwa na filamu ya kutufundisha jinsi ya kumfikiria mtu kama huyo. Tulikuwa na steringi na adui tu, na baba hayumo upande wowote.

Majirani zetu wamejaribu. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya 2012, filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar ya lugha za kigeni, watu wanaikumbuka kwa vijana wa genge, magari yanayong'olewa vipuri na polisi wauaji. Mimi naikumbuka kwa mwanzo wake. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za mapigano na kuziigiza kwa wateja, kama yule mtafsiri wetu wa kibandani aliyeshuka kwenye spika akapewa miguu. Anaota kuwa mwigizaji. Anapoondoka kwenda Nairobi, binamu anamkabidhi vifaa vya redio vya thamani avifikishe dukani mjini. Anaporwa siku ile ile anaposhuka. Yote yanayofuata, jela, genge, wizi, yanaanza na mzigo wa ndugu. Mtu aliyeporwa mali yake anaweza kurudi nyumbani akalia. Aliyeporwa mali ya ndugu, nyumbani ndiko anakokuogopa.

Hilo nilijua kabla sijaiona filamu hiyo, na ni wakati wa kusema nilivyolijua.

Mbulu tunalima vitunguu saumu. Ukipita Arusha, ukala nyama iliyotiwa saumu, kuna uwezekano umekula jasho la mtu wa kwetu. Ni zao la fedha na ni zao la familia: shamba la babu moja, matuta yamegawanywa, huyu yake, yule yake, lakini mauzo mara nyingi yanafanywa pamoja, kwa sababu nauli ya viroba ni kubwa na mnunuzi anamheshimu mwenye mzigo mkubwa. Mwaka 2014 aliyepeleka mzigo wetu Arusha, soko la Kilombero, alikuwa baba mdogo. Ndani ya mzigo ule kulikuwa na viroba vya shangazi yangu. Shangazi alikuwa mjane. Viroba vyake vilikuwa vimeshapangiwa kazi: ada ya binti yake, ambaye alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi.

Baba mdogo alirudi siku ya tatu, shati limechanika begani, akasema ameibiwa. Kiasi cha shilingi 2,100,000, zote. Watu walimpa uji kwanza, kama inavyopasa.

Jumapili iliyofuata tukaitwa kwa babu. Kikao kilikuwa nje, chini ya mti, mbuzi wakipita katikati yetu. Kilifunguliwa kwa slufay, ile dua yetu ndefu ya Kiiraqw ambayo mzee mmoja anaiongoza na wengine tunaitikia, anayoombea mvua, mifugo, watoto na amani ya nyumba. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Sasa nadhani mzee alijua kwamba ikiisha lazima tuanze kuzungumza, na alikuwa anatuhurumia. Baba mdogo alisimulia. Vibaka walikuwa wawili, stendi, usiku. Shangazi akauliza swali moja tu: "Walikuwa wangapi?" Baadaye, chai ilipokuwa inamiminwa, akauliza tena, taratibu, kama mtu aliyesahau: "Walikuwa wangapi, kaka?" Akamjibu, watatu.

Kila mtu alisikia. Niliona macho ya watu yakienda chini, moja baada ya jingine. Baba mkubwa akajikohoza, akasema mali hutafutwa, ndugu hatafutwi, na jambo hili liishie hapa hapa nyumbani. Tukaitikia. Hakuna aliyekwenda polisi. Nani aende akamshtaki nani?

Hiyo ndiyo filamu ninayoidai. Kikao kile kilikuwa na kila kitu: mzigo, fedha, shahidi, uongo uliojulikana kuwa uongo, na hukumu iliyotolewa bila kutamkwa kosa. Hakukuwa na bunduki. Hakuna mtunzi wa filamu anayeweza kuniambia hakuna uhalifu pale, wala hakuna anayeweza kunionyesha steringi.

Waandishi wa miswada wataniambia kitu kingine. Wataniambia hadithi hiyo haina funzo. Kila aliyewahi kupeleka hadithi kwa mtu mwenye fedha hapa nchini ameulizwa swali hilo, na mwenye fedha anaweza kuwa msambazaji, mfadhili wa mradi au mjomba wake mwenyewe. Funzo ni nini? Mwizi alifungwa? Alitubu? Hapana, baba mdogo hakufungwa wala hakutubu. Anaimba kwaya mpaka leo, sauti ya nne, na anaimba vizuri. Nimesikia watu wakiitupia lawama Bodi ya Filamu na ile sheria ya 1976 kwa kila kinachokosekana kwenye skrini zetu. Bodi nitaigombeza siku nyingine. Leo nagombana na sebule. Kabla hadithi haijafika kwenye ofisi yoyote ya ukaguzi imeshakaguliwa na baba mkubwa, ambaye amesema iishie hapa hapa nyumbani, na mtunzi ametii. Ametii akiwa Sinza, ana kamera nzuri kabisa. Ndiyo maana akiandika wizi anaandika majambazi. Majambazi hawana wa kuwasemea kwenye msiba.

Kuna hoja moja ambayo naiheshimu. Kwamba familia ndiyo ngao pekee tuliyonayo. Hatuna bima ya maana, mkopo wa chuo haumfikii kila mtu, mazao yakioza hakuna wa kutulipa. Anayekuokoa ni ndugu. Ukiwaonyesha watu kwamba ndugu ndiye anayekuibia, unawaachia nini? Binti mmoja aliniambia hivi siku ile Dodoma, kwa sauti ya chini wakati wengine wanabishana, na sikuwa na la kumjibu.

Sikuwa na la kumjibu kwa sababu ya mambo ambayo sijayaandika bado.

Mwaka ule wa 2014 nilikuwa kidato cha tatu kwenye shule ya kulipia. Wiki mbili kabla ya mzigo kwenda Arusha nilirudishwa nyumbani kwa ada. Tulikuwa tunadaiwa shilingi 640,000. Baba yangu alikuwa anaumwa, hakuwa na hata 60,000. Siku nne baada ya kikao cha kwa babu, baba mdogo alikuja asubuhi, akaniambia nivae sare. Tulikwenda pamoja mpaka shuleni. Mhasibu alihesabu noti mara mbili. Zilikuwa noti nzima nzima za elfu kumi, zimefungwa kwa mpira. Risiti akanipa mimi niishike. Tulipotoka ofisini akasema amekopa kwa rafiki, na akaongeza, "Wewe soma tu."

Nilikuwa na miaka 16, na hesabu nilikuwa naijua. Risiti ile ninayo. Nilijua mwizi ni nani, na nilijua wizi umekwenda wapi, walau sehemu yake. Zilizobaki sijui, labda alikuwa na madeni yake, alikuwa na watoto wake pia. Sikusema. Nilisoma tu. Binti ya shangazi alikwenda Arusha kufanya kazi za ndani na nafasi yake chuoni akaichukua mtu mwingine. Mimi nikafika Dodoma, nikakaa kwenye chumba cha hosteli nikitetea sanaa.

Kwa hiyo yule binti aliyeniuliza ninawaachia watu nini, jibu langu ni kwamba ngao hiyo hiyo ndiyo niliyofunikwa nayo, na naijua uzito wake na nani alilala nje ili mimi nifunikwe. Nikiombwa kumchagua adui katika kisa hiki siwezi kumchagua baba mdogo peke yake. Aliiba kwa dada yake akampa mtoto wa kaka yake. Mpe mwigizaji mzuri nafasi hiyo, usimpe kovu wala sigara, na usimwitie polisi. Mpe kwaya. Mweke pia kijana mwenye risiti mfukoni anayeitikia slufay kwa sauti kubwa kuliko wote. Mtazamaji wa kibandani akichelewa kuingia, akauliza steringi yupi, acha akose wa kumjibu.

White Shadow si filamu ya kisa changu, na sitaki kulinganisha ada ya shule na damu ya watoto. Mtu aliyemficha ndugu yake viroba vya saumu si muuaji. Lakini ukimya ni ule ule, na sauti inayosema iishie hapa hapa nyumbani haibadiliki mzigo unapobadilika. Kikao kinachojua kwamba wawili wamekuwa watatu na bado kinamimina chai kimeshafanya mazoezi. Ndiyo maana nilikasirika ilipobidi mgeni aje na kamera yake inayorukaruka kunionyesha nyumba ya mjomba. Nyumba ile tulikuwa na funguo zake.

Krismasi iliyopita nilikuwa Endagikot. Mvua ilikuwa imekata barabara, hakuna aliyekwenda popote, nikakaa jikoni kwa shangazi nikimsaidia kumenya viazi. Hana televisheni, na kibandani hajawahi kuingia. Nikamsimulia White Shadow yote, kuanzia baba anavyouawa, mama anavyomtoa mtoto, mpaka mjomba na lori lake na vibiashara vyake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na huyo mjomba, watoto wake walisoma?"

Nikamwambia sikumbuki vizuri.

Akasema nisogee kidogo, achochee moto.